Kitasa cha Mlango wa Nyuma

Wametutengea meza ya nne, mimi na Ofelia,
pale pale iliposimama mashine ya kuchongea funguo.
Hakuna anayejua. Kuna mshumaa,
kuna kitambaa cheupe kilichopigwa pasi hata naogopa kukiegemea,
na theluji nje ya dirisha inaanguka taratibu
kana kwamba nayo iliweka nafasi mapema.

Wiki tatu tu tangu wafungue,
na mtaa mzima wa Bay View hauna jingine la kusema.
Kinyozi kasema mchuzi wao wa nyanya ulimliza.
Mwalimu wa piano kasema kilichomliza yeye ni bei.
Basi tukajichanga, tukapiga simu,
Ofelia akavaa hereni za harusi ya mwanawe,
nami nikatafuta viatu visivyo na chumvi ya barabarani.

Mhudumu anaitwa Anselm. Tai nyembamba, sauti ya padri.
Anatusomea menyu kama anayetangaza ndoa:
tambi zimekandwa alfajiri, kwa mkono;
jibini limefika jana, ukilikata linatoa maziwa;
sungura amelala ndani ya mvinyo siku mbili.
"Mwenye bahati," ananong'ona Ofelia,
na tunacheka kile kicheko cha watoto kanisani.

Sahani inakuja, pana kama beseni.
Katikati tambi zimejiviringa, kiota cha ndege mdogo.
Nahesabu: matonge manne, matano nikijizuia.
Baba angeuliza kilichobaki kimekwenda wapi.
Kisha nikaweka la kwanza ulimini,
siagi, pilipili manga, kitu fulani cha msituni, uyoga labda,
nikanyamaza.
Ofelia akanitazama. Akanyamaza naye.
Kuna chakula kinachodai heshima, upende usipende.

Nyuma ya zile chupa zilizopangwa kwa rangi
palikuwa na ndoano mia nne ukutani,
kila ndoano na ufunguo wake ambao haujazaliwa bado.
Baba, Zygmunt, alikuwa akipuliza vumbi la shaba mikononi
na kuniambia: Jadwiga, usimuulize mtu anakwenda kufungua nini.
Ukuta wameupaka rangi ya zeituni.
Ni rangi nzuri. Najaribu kuichukia, inakataa.

Tulikuwa tunaagiza kahawa
nilipowasikia kule nyuma: ngu, ngu, ngu,
bega la mtu na mlango wa stoo.
Akatoka mwenye mgahawa, Donatella, uso mwekundu,
unga hadi kwenye kope,
akamnong'oneza Anselm: mvinyo wote uko chini,
fundi hafiki mpaka kesho, ni baridi hii, mlango umegoma.

Mwili wangu ukainuka kabla sijashauriana nao.
"Samahani," nikasema, "huo haujagoma. Unataka kubembelezwa."
Nikapita jikoni, leso ya meza bado mkononi,
katikati ya mvuke wa vitunguu na macho ya wapishi,
nikashika mpini, nikauinua kidogo,
nyonga mara moja, chini ya bawaba,
kama unavyomsogeza ng'ombe aliyekukanyagia kamba.
Kitasa kikatoa neno lake lile lile la mwaka sabini na nane:
tlak.
"Nilikifunga mimi," nikawaambia. "Nina miaka kumi na sita.
Vibaya kidogo."

Kahawa ikaletwa, na keki ambazo hatukuziagiza,
na bili ikaja bila mvinyo kuandikwa.
Bado ilikuwa ghali. Tukalipa, tukaongeza bakshishi.
Donatella akanifuata hadi mlangoni na kalamu,
ati nimwandikie hatua za kuufungua.
Nikamwambia haziandikiki.
Nitakuja Jumatatu, siku yenu ya kupumzika,
uniazime nyonga yako kwa dakika kumi.